Kaktusi ya jangwa inataka kiangazi chetu: namna ya kuilima mpaka itoe maua



Mwezi huu watu watatu wa promosioni yetu waliniuliza swali moja kwa namna tatu. Wa kwanza: "Kaktusi yangu inaoza, nifanye nini?" Wa pili: "Yangu iko na afya, lakini tangu miaka mine sijaona hata ua moja." Wa tatu aliniletea kaktusi yenye ua la manjano, akasema ua hilo halifungi mchana wala usiku, halinyauki, ni ajabu. Nikaligusa, likatoka pamoja na kipande cha gundi. Nitajibu wote watatu hapa, juu majibu yao yanatoka mahali pamoja.

Mbele ya yote niungame. Siku nilitetea memuari yangu ya lisansi, dada yangu mkubwa alinipa zawadi: kaktusi ndogo ya duara, imefunikwa na nywele nyeupe kama kichwa cha kambo. Aliinunua kwa muuza maua wa kandokando ya barabara, na bei yake najua ilimuuma. Memuari yangu ilikuwa juu ya mbolea kwenye mahindi. Basi nikafanya kile nilikuwa ninajua: udongo mwekundu wa parseli, samadi ya kuku, maji kila asubuhi. Mwezi wa kumi na moja ikanenepa vizuri, nikajisifu. Mwezi wa kwanza nikaishika, kidole kikaingia ndani kama kwenye avoka iliyopita siku. Dada akaangalia, akasema tu: "Na weye njo agronome wetu?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini wao wa nyumbani njo walilipa minervali yangu miaka yote ile, na huo mmea ulikuwa kazi ya kwanza waliniona nikifanya na diplome yao. Iliniuma kuliko swali lolote la jury.

Kosa langu halikuwa uvivu. Kwenye fakulte tulifundishwa kutoa: kutoa maji, kutoa azoti, kupalilia, kuongeza. Mahindi, mihogo, lengalenga, vyote vinakushukuru ukivipa. Mmea wa jangwa unakushukuru ukijua wakati wa kuunyima. Niliona kama nikielewa hilo moja, mengine yatafuata.

Kaktusi ile dada alinipa jina lake la kisayansi ni Mammillaria hahniana. Wazungu wanaiita kaktusi ya bibi kizee juu ya nywele zile. Kwao ni nyanda za juu za katikati ya Meksiko, upande wa Querétaro na Guanajuato, kwenye nusu-jangwa lenye mawe. Angalieni kalenda ya kule: mvua inanyesha wakati wao wa joto, zaidi mwezi wa sita mpaka wa tisa. Kisha inakatika. Miezi ya baridi ni mikavu, jua kali mchana, usiku baridi. Halafu joto linarudi, mmea unatoa maua, na mvua inafuata.

Sasa angalieni kalenda ya Lubumbashi. Mvua yetu ni mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, na vipande vya mwezi wa kumi na wa ine. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa karibu hakuna tone. Mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi, kuko siku kipimo kinashuka chini ya digri 10. Mwezi wa tisa joto linarudi kwa nguvu, na mvua inafuata. Ni kalenda ile ile ya Meksiko, imegeuzwa miezi sita juu sisi tuko upande wa kusini wa ikweta. Mimi nilisoma klimatolojia mwaka mzima na sikuwahi kuona kama kiangazi chetu, kile tunalalamikia juu ya vumbi na midomo kupasuka, ni mali kwa mmea kama huu. Watu wa Ulaya wanapasha nyumba za vioo moto na kuhesabu digri ili kuupa mmea kile sisi tunapata bure nyuma ya jikoni.

Tofauti iko kwenye kipimo cha maji. Lubumbashi tunapata karibu milimeta 1,200 za mvua kwa mwaka. Nusu-jangwa lile la Querétaro linapata chini ya nusu yake. Kwa hiyo kwetu matatizo ni mawili tu: kuondoa maji yanayozidi wakati wa mvua, na kuacha mmea upumzike wakati wa kiangazi. La kwanza likikushinda, kaktusi inaoza. La pili likikushinda, inaishi lakini haitoi maua.

Nianze na kuoza, juu njo kunaua nyingi.

Kaktusi haina majani. Miiba njo ilikuwa majani zamani. Shina lake nene ni tanki la maji na pia njo linatengeneza chakula. Mimea mingi inafungua vitundu vyake vya kupumulia mchana, inachukua hewa ya kaboni, na papo hapo inapoteza maji kwa jua. Kaktusi inafunga vitundu mchana na kuvifungua usiku wakati kuko baridi. Hewa ya kaboni inaiweka ndani kwa namna ya asidi ya maliki, na mchana, ikiwa imejifunga, inaitumia na mwangaza wa jua. Ni sawa na mama anayepika usiku ili mchana mlango ukae umefungwa. Inaokoa maji mengi sana, lakini pia inakua polepole na inakunywa kidogo. Ukiipa maji kila siku haiwezi kuyamaliza. Mizizi inakaa ndani ya udongo mlowevu usio na hewa, inakufa, na kuvu inapandia hapo mpaka kwenye shina. Ukiona juu panalainika, jua chini pameisha zamani.

Udongo mwekundu wa parseli zetu ni wa mfinyanzi. Ukilowa unashika maji, ukikauka unakuwa kama tofali. Udongo wa kichuguu ni mbaya zaidi. Ni mzuri kwa kuchoma matofali, na pale njo siri yangu ilitoka. Kila avenyi ya hapa kuko mtu anajenga, na kila anayejenga anaacha vipande vya tofali la kuchoma. Tofali lililochomwa vizuri na kuvunjwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi mpaka kidole gumba linakunywa maji kidogo, linaacha hewa ipite, na halirudi kuwa matope. Hakikisha limeiva. Likivunjika mkononi kama biskuti, liache, ni udongo bado.

Kitanda changu nilikiinua sentimeta 30 juu ya ardhi, karibu na ukuta unaotazama kaskazini (huku kwetu mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini, usinakili vitabu vya Ulaya vinavyosema kusini). Chini nilimwaga sentimeta 12 za vipande vikubwa vya tofali na mawe. Juu yake mchanganyiko: ndoo moja ya udongo wa bustani, ndoo moja ya mchanga wa mtoni wenye punje kubwa, ndoo moja na nusu ya tofali lililovunjwa. Niliongeza pia bakuli la vumbi la makala kutoka chini ya gunia. Mchanga wa kupiga plasta ni laini mno, unafunga. Na mchanga au takataka za mgodi msichukue hata kama ni bure na karibu, juu metali zilizomo hamuwezi kuziona kwa macho. Kisha nilimimina chupa ya maji ya lita moja na nusu mahali pamoja. Ikiwa maji yanasimama kama kidimbwi na unaweza kumaliza kunywa kikombe cha chai mbele hayajazama, rudi kwenye tofali.

Usizike mmea kwa kina. Shingo yake, pale shina linakutana na mizizi, ikae juu ya changarawe kavu ya sentimeta 2. Nilipanda mwezi wa tisa, na sikuipa maji siku kumi za kwanza ili vidonda vya mizizi vikauke. Mama aliona kama nimerudi kuua ya pili.

Jua ni zuri, lakini mmea uliokaa miezi kwenye kivuli cha muuzaji usiutupe mara moja kwenye jua la mwezi wa kumi. Ngozi inaungua, inakuwa na doa la rangi ya karatasi ya kaki, na doa hilo halitoki tena maisha. Uweke chini ya kipande cha mustikere kilichochakaa juma mbili ao tatu, kisha toa.

Wakati wa mvua kitanda cha namna hii kinavumilia mvua za mwanzo. Lakini mwezi wa kwanza na wa pili, wakati mvua inapiga kila siku na hewa yenyewe iko mbichi, mimi naweka paa: miti mine na kipande cha manjanja ya plastiki inayopitisha mwangaza, pande zote wazi ili upepo upite. Chini ya paa hilo naimwagilia mwenyewe, kwa wingi, kisha sirudii mpaka kijiti nilichochomeka ndani kitoke kikavu. Kwa kawaida ni juma mbili mpaka tatu. Mbolea kidogo tu: gramu 1 ya NPK 10-20-10, ile ile ya mahindi, ndani ya lita moja ya maji, mara moja mwezi wa kumi na moja na mara moja mwezi wa kwanza. Urea hapana kabisa. Azoti nyingi inafanya nyama ya mmea kuwa laini na yenye maji, na kuoza kunapenda hapo. Ile samadi yangu ya kuku ilifanya kazi hiyo hiyo, ndiyo maana ilinenepa "vizuri".

Na wewe uliyeuliza juu ya ile inayooza tayari: usingoje kesho. Safisha kisu na alkoli, kata kichwa juu ya pale palipolainika, uangalie nyama. Ukiona doa la kahawia, hata duara ndogo katikati, safisha kisu tena, kata tena, mpaka nyama yote iwe ya kijani safi. Weka kichwa hicho kwenye kivuli kikavu juma mbili, kidonda kikauke kiwe kigumu, kisha kiweke juu ya mchanga mkavu na usikiguse. Mizizi inaweza kuchukua mwezi mmoja ao miwili. Ikiwa doa limefika juu kabisa, tupa, na udongo wake usiurudishe kwenye kitanda.

Sasa maua.

Kaktusi yangu ya pili, niliyojinunulia mwenyewe na pesa za kufundisha watoto wa jirani hesabu, ilipita masika yake ya kwanza bila shida. Mwezi wa saba ikaanza kusinyaa. Ilishuka, ikajikunja, nywele zikawa na vumbi jekundu. Mama, mtu wa huruma, akaanza kuipa kikombe cha maji kila jioni, mimi sijui. "Iko na kiu, angalia namna inakonda." Mwezi wa tisa ukapita, wa kumi ukapita, hakuna ua. Mwaka uliofuata tulizungumza, mama akakubali, lakini shangazi aliyekuja kutembea akaendeleza kazi ya huruma. Hakuna ua tena.

Kwa nini? Kwenye Mammillaria maua hayatoki kwenye ncha kabisa ya kichwa. Yanatoka kwenye vikwapa, katikati ya vile vinundu vidogo, na hasa kwenye sehemu iliyokua msimu uliopita. Kwa hiyo masika njo inajenga mahali pa maua, na kiangazi njo kinaamua kama yatatoka. Ukavu, jua jingi na usiku wa baridi vinauambia mmea usimame kukua na ujitayarishe kuchanua. Ukiipa maji wakati huo, inaendelea kujaribu kukua kwenye baridi, polepole na vibaya, na pumziko halipatikani. Kusinyaa kwa mwezi wa saba si ugonjwa. Tanki linashuka kama ilivyopangwa, na maji yaliyobaki ndani yanakuwa mazito, yanasaidia mmea kuvumilia baridi.

Basi kuanzia katikati ya mwezi wa ine punguza maji, na kuanzia mwezi wa tano mpaka mwanzo wa mwezi wa tisa acha kabisa kwa mmea uliokomaa uliopandwa ardhini. Ule wa kwenye chungu kidogo, ao mtoto wa chini ya miaka miwili, mpe vijiko vichache kila juma tatu ao ine, asubuhi ya siku yenye jua, juu tanki lake ni dogo. Usiufunike, usiuingize ndani ya nyumba. Ndani kuko joto na giza, vitu viwili vinavyoharibu pumziko. Vumbi likizidi kwenye nywele, lipanguse na brashi laini kavu. Mwezi wa tisa usiwe na haraka ya kumwagilia. Ngoja mpaka vichipukizi vya maua vionekane kwa macho, vya rangi, ndipo uanze na maji kidogo.

Mwaka wa tatu niliandika kwenye kipande cha karatoni: "Mtu asimwage maji hapa mpaka mwezi wa tisa. Inalala." Niliisimika kama kibao cha parseli yenye kesi mahakamani, ile ya "isiuzwe". Watu walicheka. Tarehe za mwisho wa mwezi wa nane niliona vitone vyekundu vimejipanga kuzunguka kichwa, nikafikiri ni wadudu. Juma mbili nyuma yake vilifunguka: taji zima la maua madogo ya rangi ya waridi iliyokolea, yamezunguka zile nywele nyeupe kama taji la arusi. Yanafunguka jua likipanda, jioni yanafunga, kesho yake tena, kwa siku kadhaa, na mengine yanafuata. Nyuki wa jirani waliyajua mbele ya jirani mwenyewe.

Hapo sasa nawajibu wenye ua lisilofunga. Ua la kweli la kaktusi ya namna hii linafuata jua, linanyauka, na linatoka kwenye mahali pake. Lile la gundi ni ua kavu la mmea mwingine, gumu kama karatasi, limebandikwa juu kabisa katikati ya kichwa, pale kaktusi inakulia. Linaziba ncha na gundi ya moto inaunguza ngozi. Kama umekwisha kununua, usilivute kwa nguvu. Kata ua, acha gundi, mmea utaisukuma wenyewe ukikua. Na ile yenye kichwa chekundu ao cha manjano juu ya shina la kijani lenye pembe tatu, hiyo si ua hata kidogo. Ni kaktusi mbili zimeunganishwa kwa kisu. Ya juu haina klorofili, haiwezi kujitengenezea chakula, inanyonya ya chini. Ni nzuri kuangalia, lakini usingoje iishi muda mrefu.

Kuko jambo lingine ambalo si la urembo. Mimea mingi inayouzwa hapa kwa jina la kaktusi si kaktusi, ni eufobia. Eufobia kubwa ziko kwetu Afrika tangu zamani. Mazee wanazipanda kama uzio na kwenye makaburi. Kaktusi karibu zote asili yake ni Amerika. Iko moja tu inayomea Afrika yenyewe bila kuletwa na mtu wa bustani, Rhipsalis baccifera, na hiyo hata haifanani: inaning'inia kwenye miti ya pori kama kamba za kijani, haina miiba mikali, na tuko nayo hapa Kongo. Wengi wenu mumepita chini yake bila kujua.

Sababu ya kusema hivi ni mtoto wa jirani yetu, alikuwa na miaka mitano. Walikuwa wakicheza, wakavunja "kaktusi" ya kwenye uzio, maziwa yake meupe yakamrukia jichoni. Watu walikuja na kila dawa ya mdomo. Mimi nilikimbia na ndoo ya maji safi, tukamosha jicho dakika kumi na tano bila kusimama, yeye akipiga kelele, kisha mama yake akamchukua hospitali. Alipona, lakini siku mbili hakuweza kufungua jicho. Maziwa ya eufobia yanaweza kuumiza jicho vibaya sana, kwa hiyo maji mengi mara moja, kwa muda mrefu, kisha daktari. Si mafuta, si majani, si kungoja asubuhi.

Watu wanasema kaktusi haina maziwa, eufobia iko nayo, basi chomoa kidogo uone. Mimi sipendi jaribio hilo. Aina fulani za Mammillaria nazo ziko na maziwa, ingawa hayaunguzi hivyo, na wewe utakuwa umekwisha kujirushia ya eufobia. Angalia miiba. Kwenye kaktusi miiba inatoka kama kundi kutoka kwenye kitone kidogo chenye manyoya, kama kimto cha sindano cha fundi wa nguo. Kitone hicho kinaitwa areoli, na hakuna familia nyingine ya mimea iliyo nacho. Eufobia haina kimto. Miiba yake mara nyingi inakaa miwili miwili, imetoka kwenye ngozi yenyewe. Ukijua areoli, hakuna muuzaji atakudanganya tena.

Ndugu wa Bukavu na Goma, najua mutasema hii ni mambo ya Katanga. Kwenu kiangazi ni kifupi, mwezi wa sita mpaka wa nane, na mvua inashika sehemu kubwa ya mwaka. Inawezekana, lakini paa liwe la kudumu, na kiangazi munakirefusha wenyewe: acheni kumwagilia tangu mwezi wa tano chini ya paa. Watu wa Goma muko na bahati ya mawe ya volkano. Yale mepesi yenye vitundu, mukiyavunja vidogo, yanashinda tofali langu. Ndugu wa Kisangani, pale mvua haisahau mwezi hata moja na usiku ni joto, nisiwadanganye: inaweza kuishi chini ya paa, lakini maua yatakuwa ya bahati. Kwenu Rhipsalis ingefurahi zaidi.

Mdudu wa kuogopa ni kochenili, anafanana na kipamba cheupe. Kwenye mmea wenye nywele nyeupe anajificha kama mwizi aliyevaa unifomu ya polisi, kwa hiyo kila juma funua nywele na kijiti uangalie vikwapa. Pamba yenye alkoli ya digri 70, moja kwa moja juu yake, jioni jua likishuka, na urudie nyuma ya siku saba. Mmea ukikataa kukua bila sababu, ng'oa uangalie mizizi, kuko anayekaa chini pia.

Wengine mutaniuliza kwa nini nisipande ile ya vipande vipana kama raketi, Opuntia, inayoota haraka hata ukitupa kipande. Kwa sababu hiyo hiyo. Kule Laikipia, Kenya, Opuntia stricta iliyoletwa kama mmea wa uzio na mapambo imefunika malisho. Miiba midogo ya matunda yake inaumiza midomo na matumbo ya ng'ombe na mbuzi, na ilibidi kuleta aina ya kochenili ili imle. Australia, kwenye miaka ya 1920, Opuntia ilikuwa imeshika karibu hekta milioni 24, na nondo mmoja kutoka Argentina, Cactoblastis cactorum, aliyeletwa 1925, njo aliwaokoa. Mmea usiohitaji mtu hauogopi mtu. Kama muko nayo, ikae ndani ya ukuta, na vipande vyake musivitupe kwenye bonde.

Juu ya mbegu. Aina nyingi za Mammillaria zinahitaji mimea miwili tofauti ili zitoe mbegu, kwa hiyo nilitafuta mwenzake, nikasugua brashi ya kuchorea kutoka ua la huyu kwenda la yule. Tunda ni dogo, jekundu, kama pilipili kichaa. Ndani kuko mbegu ndogo sana. Chemsha mchanga juu ya mbabula uue kuvu, uache upoe, nyunyiza mbegu juu bila kufunika, uweke ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwangaza, mahali penye mwangaza bila jua la moja kwa moja. Kwenye joto la digri 21 mpaka 27 zinaota ndani ya juma moja mpaka tatu, zikiwa kama vichwa vya pini vya kijani. Kisha ni kungoja: nyuma ya miaka miwili ni kama ncha ya kidole gumba, na ua la kwanza miaka 3 mpaka 5. Mtu anayetafuta biashara ya haraka asianzie hapa. Kuko rafiki zangu walioanza na nyanya na kuku wa nyama, wao wako na pesa, mimi niko na miche.

Na kama unaagiza mmea mzima kutoka nje kupitia Kasumbalesa, uliza kwanza karatasi zake. Karibu familia yote ya kaktusi iko kwenye orodha ya CITES, mapatano ya biashara ya mimea na wanyama wa pori, kwa sababu watu wanaing'oa kwao jangwani na kuiuza. Iliyozaliwa kwenye bustani kutokana na mbegu ni bora kwa kila namna, hata mizizi yake inazoea haraka.

Dada alipita nyumbani mwezi wa tisa uliopita. Hakusema kitu juu ya agronome. Alizunguka kitanda, akasoma karatoni, akauliza kama anaweza kuchukua moja kwake. Nilimpa miche miwili ya mbegu, ili siku moja naye apate matunda, na ndoo ya tofali lililovunjwa. Iko bado mingine kumi na minane. Anayetaka, aje na ndoo yake ya tofali, na awaambie wa nyumbani kwake wote, mashangazi ndani, kama mwezi wa saba hakuna kuhurumia.